Ubongo Wangu Ulipoonekana Mzima

Picha zilipokuwa tayari, daktari alizipachika kwenye kioo chenye mwanga, akazitazama kwa utulivu moja baada ya nyingine, kisha akanigeukia akiwa na uso wa mtu anayeleta habari njema. “Dada, ubongo wako ni mzima kabisa,” alisema. “Hakuna kitu kilichoota, hakuna damu iliyovuja, hakuna kovu. Punguza mawazo, halafu uanze mazoezi kidogo kidogo.” Nilimshukuru, kwa kuwa alikuwa mpole na alinipa muda wake, nikatoka na bahasha kubwa ya kahawia mkononi. Sikufika mlango wa nje. Nilikaa kwenye benchi la kwanza nililoliona koridoni kwa sababu miguu iligoma, na nikakaa hapo muda mrefu hata mhudumu wa usafi akapita mara mbili, akizungusha dekio lake pembeni mwa viatu vyangu bila kuniuliza kitu. Ulikuwa mwezi wa 14 tangu homa iliyonianzishia yote haya.

Homa yenyewe ilidumu siku tisa tu. Ilipoondoka nilisubiri nguvu zirudi kama zilivyorudi baada ya kila ugonjwa niliowahi kuugua, lakini hazikurudi, na badala yake likaanza jambo ambalo sikuwa na jina lake: nikifanya kazi ndogo leo, naanguka kesho au keshokutwa. Nikioga na kufua nguo mbili Jumatatu asubuhi, Jumanne naamka koo linauma, tezi za shingo zimevimba, mwanga wa dirishani unanichoma macho na maneno yananikimbia. Siku moja nilimwomba mdogo wangu aniletee ufunguo, na neno “ufunguo” halikuja. Nilikuwa nauona wazi, meno yake, tundu lake, uzi mwekundu uliofungwa hapo ili usipotee. Nikabaki kusema “ile ya kufungulia, ile ya mlango,” huku yeye akinitazama kwa hofu aliyojitahidi kuificha.

Kiswahili ni karimu kwa mtu aliyechoka. Tunampa pole, tunamwambia apumzike, tunamwachia kiti, na katika ukarimu huo kuna imani ambayo hakuna anayeitilia shaka, kwamba uchovu ni deni linalolipwa kwa usingizi. Ndiyo maana jina la ugonjwa wangu, “uchovu sugu”, linatuponza. Kila anayelisikia anafikiri anajua linachosema, kwa kuwa naye alichoka juzi, akalala, akaamka salama. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipitia tafiti zilizokuwapo na kueleza ugonjwa huu kwa namna ambayo mgonjwa anajitambua: uwezo wa kufanya shughuli za zamani kuporomoka kwa miezi sita au zaidi, usingizi usioburudisha, hali kuzidi kuwa mbaya baada ya kutumia nguvu za mwili au za akili, na pamoja na hayo ama matatizo ya kufikiri na kukumbuka, ama mwili kutovumilia kusimama. Jopo hilo lilitaja makadirio ya wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5 nchini Marekani peke yake, na kwamba karibu robo ya wagonjwa hufika mahali pa kutoweza kutoka nyumbani au kitandani. Nilipoisoma orodha hiyo nilielewa kwamba dalili mbili kati ya hizo, kufikiri na kusimama, zinaupitia moja kwa moja ubongo. Lakini mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba ubongo wangu hauna neno.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu neno “mawazo”, kwa sababu limenisumbua kuliko maumivu. Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, mtu mwenye mawazo ni mtu mwenye masikitiko, mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya jambo fulani moyoni. Ukitamka kwamba ugonjwa wako una uhusiano na ubongo, msikilizaji anaruka haraka kutoka ubongo hadi akili, kutoka akili hadi mawazo, na kutoka mawazo hadi kukushauri utoke nje ukachangamke. Nimewaona watu wenye huruma ya kweli wakifanya safari hiyo yote kwa sekunde chache. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huogopa utafiti wa ubongo. Wanahofia kwamba kila ugunduzi wa kichwani utatumika kuwaambia kwamba wanajidhania. Hofu hiyo ina historia, na historia hiyo imeandikwa.

Julai 1955, hospitali ya Royal Free ya London ilikumbwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Watumishi karibu 300 waliugua, huku wagonjwa waliolazwa humo wakiathirika wachache mno, na hospitali ikafungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Waliougua walikuwa na tezi zilizovimba, maumivu ya kichwa, misuli dhaifu na dalili nyingine zilizowafanya madaktari waliowahudumia waamini kwamba mfumo wa neva umeguswa. Mwaka uliofuata jarida la Lancet lilipendekeza jina lililobeba neno “ensefalomielitisi”, yaani uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo unaoletwa na mwitikio wa kinga, si kitu kilichoota, pamoja na maumivu ya misuli. Kifupi chake, ME, kinatumika hadi leo. Melvin Ramsay, daktari wa magonjwa ya kuambukiza katika hospitali hiyo, aliutetea ugonjwa huu kwa miaka mingi, na mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa neva. Mwaka mmoja tu baadaye madaktari wawili wa magonjwa ya akili walichapisha makala katika jarida la kitabibu la Uingereza wakisema kwamba mlipuko ule ulikuwa wa kihisia, wakitumia kama mojawapo ya hoja zao ukweli kwamba wanawake waliougua walikuwa wengi kuliko wanaume. Walifikia hapo kwa kusoma mafaili ya zamani. Wagonjwa wenyewe hawakuwachunguza. Maoni hayo yalisafiri mbali kuliko ushahidi wake, na mwaka 1988 jina jipya lililotolewa Marekani, la uchovu sugu, liliufuta ubongo kabisa kwenye utambulisho wa ugonjwa.

Kwa hiyo picha yangu ilikuwa imesema nini hasa? Niliuliza swali hilo kwa muda mrefu kabla ya kupata jibu linaloniridhisha. Picha ya kawaida ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huonesha umbo: iwapo kuna kitu kimeota, kimepasuka, kimesinyaa au kimeacha kovu. Haioneshi ni damu kiasi gani inafika ubongoni pindi mtu anaposimama, haioneshi chembe za kinga zilizo macho pale zinapopaswa kuwa zimelala, wala haioneshi kemikali zinazopitisha ujumbe zimepungua kiasi gani. Mtu anaweza kupiga picha nzuri ya nyumba mchana na asijue kwamba usiku taa zake hazikolei. Daktari wangu alisema kweli kuhusu kile alichokiona. Alichokosea ni kudhani kwamba kisichoonekana katika picha ile hakipo, na kuruka kutoka hapo hadi kwenye mawazo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma tafiti, kwa namna ninayoweza. Nasoma nimelala, miguu imeinuliwa juu ya mito, aya mbili kwa siku, na pale ninapoishia naweka alama ya penseli pembeni. Siku mbaya narudi kwenye alama na kukuta aya niliyoisoma jana imegeuka ngeni, kana kwamba iliandikwa usiku. Makala moja imewahi kunichukua wiki saba. Ninayoyaeleza hapa nimeyapata hivyo.

Ya kwanza iliyonishika ilitoka Japani mwaka 2014. Watafiti, wakiwamo wa taasisi ya sayansi ya RIKEN, waliwapima wagonjwa 9 na watu 10 wasio wagonjwa kwa kipimo cha PET, ambacho hutumia kiasi kidogo sana cha kemikali yenye mnururisho ili kufuatilia kinachotendeka ndani ya mwili ulio hai. Kemikali waliyoichagua hujishikiza kwenye protini inayoongezeka pale maikroglia zinapoamka. Maikroglia ni chembe za kinga za ubongo. Wakati wa utulivu huwa zinakagua na kusafisha, na wakati wa hatari hubadilika umbo na kumwaga kemikali za uvimbe. Kwa wagonjwa, ishara hiyo ilikuwa juu kwa asilimia 45 hadi 199 katika maeneo kadhaa, yakiwamo hipokampasi, thalamasi, amigdala na ubongo wa kati, na kadiri ilivyozidi katika thalamasi, amigdala na ubongo wa kati ndivyo matatizo ya kufikiri yalivyozidi. Nakumbuka niliweka penseli chini na kulia kidogo, maana lile jina la 1956, lenye “uvimbe wa ubongo” ndani yake, lilikuwa limedhihakiwa kwa miongo mingi.

Uaminifu unanitaka niseme pia kilichofuata. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walitumia kemikali ileile kwa wanawake wenye ugonjwa huu na hawakuona tofauti kati yao na wasio wagonjwa. Wagonjwa tisa ni wachache, na kemikali yenyewe ina udhaifu unaojulikana, kwani huacha ishara nyingi za kubahatisha. Sipendi tunapobeba utafiti wa kwanza kama bendera na kuuzika wa pili kimyakimya. Tukifanya hivyo tunafanana na wale waliosoma mafaili bila kuwaona wagonjwa. Kwa sasa uvimbe hafifu wa ubongo ni dhana yenye nguvu inayotafuta vipimo bora. Kundi la mtafiti Jarred Younger katika Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham limejaribu njia nyingine isiyohitaji mnururisho: kusoma kemia na joto la ubongo kwa mashine ya MRI iliyotegwa kwa namna maalumu. Mwaka 2020 waliripoti kwamba kwa wanawake 15 wagonjwa waliona dalili za lakteti nyingi, kemikali inayobaki chembe zinapovunja sukari kupata nishati, na joto la juu katika baadhi ya maeneo ya ubongo ikilinganishwa na wanawake 15 wenye afya. Hao nao ni wachache, lakini lakteti nyingi iliwahi kuonekana na watafiti wengine wa New York katika maji yaliyo kwenye mashimo ya ndani ya ubongo, na jambo linapochungulia kupitia madirisha mawili tofauti linastahili kufuatiliwa.

Kwa nini uvimbe mdogo kiasi hicho umlaze mtu? Jibu ninalolipenda linaanzia kwenye homa ya kawaida. Kila aliyewahi kuugua mafua makali anajua kwamba siku ya pili hutaki mwanga, hutaki mazungumzo, viungo vinauma, na kutoka kitandani kunakuwa kazi. Virusi peke yao hawafanyi hayo yote. Mfumo wa kinga hutuma ujumbe ubongoni kwa saitokini, kemikali za ujumbe za kinga zinazosafiri katika damu, na kwa neva ya vagasi inayounganisha viungo vya ndani na shina la ubongo, na ubongo ukishapokea ujumbe huo huamuru mwili ulale ili nguvu zote ziende vitani. Wanyama nao hufanya hivyo. Mbwa mgonjwa hujikunja pembeni na hata chakula hakigusi. Anthony Komaroff wa Harvard, ambaye ameutafiti ugonjwa huu kwa miongo kadhaa, amependekeza kwamba kwa wagonjwa kama sisi amri hiyo haizimwi, ama kwa sababu adui hajaondoka kabisa, ama kwa sababu swichi yenyewe imekwama. Mwenzake mmoja, Michael VanElzakker, alipendekeza mwaka 2013 kwamba maambukizi madogo kwenye neva ya vagasi yenyewe yangetosha kuufanya ubongo uamini kwamba mwili mzima unashambuliwa. Hizi ni dhana, lakini zinaeleza tezi zangu na ufunguo wangu kwa pumzi moja, na hakuna aliyewahi kunieleza vyote viwili pamoja.

Sasa nije kwenye kusimama, kwa sababu hapo ndipo utafiti uliponigusa mwilini. Daktari wa pili niliyemwendea, kijana aliyekuwa na tabia ya kuandika kila ninachosema, alinilaza kwa dakika kumi, akapima presha na mapigo, kisha akaniomba nisimame nikiwa nimeegemea ukuta bila kutikisa miguu, naye akawa anapima kila dakika. Dakika ya nne vidole vya miguu vilikuwa vimegeuka rangi ya zambarau. Dakika ya sita aliniuliza siku ya leo ni ipi, nikajua kwamba ninaijua, na sikuweza kuisema. Dakika ya nane alinikalisha. Tukatazama karatasi pamoja: mapigo yalipanda kutoka 70 hadi 91, presha haikushuka. Kwa vigezo alivyofundishwa, nilikuwa sawa. Namheshimu kwa alichosema baada ya hapo: “Namba hizi na mtu niliyemwona hapa havipatani.”

Miaka michache baadaye nilikutana na utafiti wa van Campen, Rowe na Visser wa mwaka 2020. Waliwaweka wagonjwa 429 kwenye meza inayoinuka hadi mtu akawa karibu wima, na badala ya kutosheka na presha na mapigo walipima kwa mawimbi ya sauti damu inayopita kwenye mishipa ya shingo kuelekea kichwani. Kwa watu wenye afya damu hiyo ilipungua kwa takriban asilimia 7. Kwa wagonjwa ilipungua kwa asilimia 26 kwa wastani, na zaidi ya nusu yao walikuwa na presha na mapigo ya kawaida kabisa, kama mimi dakika ya sita. Ubongo ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili na hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake mwili unapopumzika. Hauna ghala la kuweka akiba. Ukiukatia robo ya damu, neno la kwanza kupotea linaweza kuwa jina la siku. Mimi sikupimwa kwa njia hiyo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndicho kilichonipata ukutani. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu niusome utafiti huo napiga mswaki nimekaa, naongea na simu nimelala, na sasa nafika jioni nikiwa na maneno ambayo zamani yalikuwa yamekwisha saa nne asubuhi. Huo ndio umuhimu wa utafiti wa ubongo kwangu, kabla hata dawa haijapatikana: unaniambia nguvu zangu zinavujia wapi.

Utafiti uliozungumzwa kuliko yote ni ule wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ulioongozwa na Brian Walitt na Avindra Nath, ulioanza mwaka 2016 na kuchapishwa Februari 2024. Walichaguliwa wagonjwa 17 ambao wote walikuwa wameugua baada ya maambukizi, wakalinganishwa na watu 21 wenye afya, na wakapimwa karibu kila kinachopimika: damu, misuli, moyo, maji ya uti wa mgongo, usingizi, ubongo. Katika jaribio moja walibana kifaa kwa mkono, tena na tena, wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Nguvu ya mkono wa wagonjwa ilishuka mapema. Hata hivyo misuli yenyewe haikuonesha alama za kuchoka, na sehemu ya ubongo inayoamuru misuli haikulegea. Iliendelea kufanya kazi kwa bidii. Kilichofifia ni eneo lililo juu kidogo nyuma ya sikio, ambalo hudhaniwa kulinganisha kile ubongo ulichokitarajia na kile mwili ulichokitenda. Katika maji ya uti wa mgongo kulikuwa na upungufu wa kemikali za ukoo wa dopamini na norepinefrini, ambazo hupitisha ujumbe kati ya neva, na katika damu kulikuwa na mabadiliko ya chembe B za kinga. Nilipoyasoma hayo niliona kitu ninachokijua kwa ngozi yangu: amri inatoka, inapigwa kwa nguvu zote, na mkono haufiki.

Lakini watafiti walilipa jambo hilo jina, na jina hilo liliumiza watu. Waliita “upendeleo wa juhudi”, kwa kutegemea jaribio lingine ambamo mshiriki huchagua kati ya kazi rahisi na ngumu ya kubonyeza kitufe haraka kwa malipo tofauti, na wagonjwa walichagua kazi ngumu mara chache zaidi. Waandishi walifafanua kwamba walikuwa wanazungumzia mabadiliko ya tabia ambayo mtu huyatambua na yale asiyoyatambua, na sidhani walikusudia kumwita mtu mvivu. Hata hivyo neno “upendeleo” linabeba kupenda ndani yake, na anayependa angeweza kupenda vinginevyo. Wagonjwa na baadhi ya wanasayansi waliopitia takwimu walionesha kwamba hata pale wagonjwa walipoichagua kazi ngumu walishindwa kuimaliza mara nyingi kuliko wenzao; na mtu ambaye kidole chake hakifiki mwisho wa kazi akiikwepa kazi hiyo, anafanya hesabu sahihi. Mimi mwenyewe huchagua kutopanda ngazi. Nachagua hivyo kwa sababu nimewahi kulipia ngazi 18 kwa siku nne za giza, na ubongo wangu, pamoja na hitilafu zake zote, umejifunza bei hiyo. Matokeo ya utafiti ule nayathamini sana. Jina lile ningeomba liachwe.

Naligusia jambo hili kwa urefu kwa sababu majina huzaa matibabu. Kwa miaka mingi wagonjwa walipangiwa mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua, kwa imani kwamba mwili umedhoofu kwa kulala na akili imejenga woga. Mwaka 2021 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, NICE, iliondoa mpango huo katika mwongozo wake na kusisitiza mgonjwa abaki ndani ya mipaka ya nguvu alizonazo. Kwa mgonjwa, mabadiliko hayo yana uzito wa miaka. Mimi nilifuata ushauri wa “kidogo kidogo” kwa wiki sita baada ya siku ile ya bahasha ya kahawia, nikiongeza dakika mbili za kutembea kila wiki na kuziandika kwenye daftari kwa fahari. Ukurasa wa wiki ya saba hauna maandishi. Kabla ya hapo niliweza kujipikia na kutoka nje. Baada ya hapo haikuwezekana tena kwa miezi 11.

Kazi ya akili nayo ni kazi, na hili ndilo jambo gumu kuliko yote kumweleza mtu. Familia yangu ilizoea haraka kunikataza kubeba ndoo, ila ilichukua muda kuelewa kwamba mazungumzo ya saa moja na wageni watatu yananiangusha kuliko ndoo. Kila mgeni anapoongea, ubongo unachuja sauti yake kati ya nyingine, unakumbuka alichosema mwanzoni, unaandaa jibu, na wakati huohuo unahangaika kuweka damu juu kwa kuwa nimekaa wima. Mama yangu alilielewa hilo siku nilipomwonesha saa yangu ya mkononi inayopima mapigo: nilikuwa nimekaa kwenye kiti, sijainua hata kikombe, na mapigo yalikuwa yamefika 104. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe huwaaga wageni.

Agosti 2025 yalitoka matokeo ya awali ya mradi wa DecodeME, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambao ulilinganisha vinasaba vya wagonjwa 15,579 na vya watu zaidi ya 259,000 wasio na ugonjwa huu. Yalipatikana maeneo manane ya jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya mtu, yanayotofautiana, na jeni zilizo karibu na maeneo hayo zinahusu kinga na mfumo wa neva. Ukitazama ni viungo gani vya mwili vinazitumia jeni zinazohusika, ubongo unajitokeza mbele. Vinasaba mtu huzaliwa navyo, kabla hajapata sababu yoyote ya kuwa na mawazo. Baada ya wagonjwa tisa, 15 na 17, hatimaye ninayo namba ambayo hakuna atakayeiita ndogo, na inaelekeza kidole mahali palepale.

Nina rafiki ambaye sijawahi kumwona uso kwa uso, mgonjwa wa mwaka wa 12. Analala katika chumba chenye mapazia mazito, amevaa viziba masikio, na mawasiliano yetu ni ujumbe wa sauti wa sekunde kumi, yeye mmoja kwa wiki, kwa kunong’ona. Nilimtumia habari za utafiti wa Marekani vipandevipande kwa muda wa mwezi mzima, kila kipande kifupi ili asiumie, nikimweleza kuhusu mkono unaobana na eneo lile nyuma ya sikio. Alipomaliza kusikiliza vyote alinijibu kwa swali: “Waliolala kama mimi, walipima wangapi?” Washiriki wa utafiti ule walipaswa kusafiri, kulazwa kwa siku kadhaa, kupanda baiskeli ya mazoezi, na kulala ndani ya mashine inayogonga kama nyundo. Nilikaa na ujumbe wake siku mbili, kisha nikamwambia kwamba mtu wa hali yake asingeweza kufika, na kwamba mashine inayoweza kumfuata chumbani mwake bado haijaletwa.